Mahindi yenye ukungu si chakula cha mbwa

Hapa kwetu Masisi na Walikale mbwa analinda nyumba, mbuzi na shamba. Lakini mahindi yakishika ukungu, wengi wetu tunasema: «Tumpe mbwa.» Tuache. Ukungu huo unaweza kutoa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125. Mbwa naye anaweza kufa hivyo. Tumpe bugali ya unga mzuri na sambaza, bila kitunguu wala chumvi nyingi. Tukinunua chakula cha mfuko Goma, tusome tarehe, tuangalie kama nyama imeandikwa mwanzoni, na tukatae mfuko uliopasuka. Mahindi yaliyoharibika tuyafukie, hata kuku wasiyafikie.