Akiaga "naenda vijana", unamwuliza nini?

Mzazi mwenzangu, kijana wako akikuaga Jumamosi mchana, "Mama, naenda vijana", humwuliza nini? Mimi kwa miaka miwili swali langu lilikuwa moja tu: unarudi saa ngapi? Nikishasikia ni kanisani, moyo unatulia, naendelea na vyombo vyangu.

Mwezi uliopita binti yangu aliniomba elfu kumi na tano za kongamano, wakalale siku tatu. Nikamwuliza mtalala wapi, na nani anawaangalia wasichana usiku? Hakujua. Nikampigia jirani ambaye mwanawe yuko kikundi hicho hicho. Naye hakujua. Watu wazima wawili, kila mmoja na simu mkononi, na hatuna hata namba ya mlezi wa watoto wetu.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nifuatilie jinsi kazi hii ya vijana ilivyoanza hapa kwetu Tabora.

Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika hapa mwaka 1878 kwa miguu kutoka Bagamoyo, wakifuata njia ya misafara. Padre Pascal, mmoja wao, alifia njiani. Njia ile ile ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na wengi wa watumwa hao walikuwa watoto. Miaka ya 1880 mapadre wakawa na kituo Kipalapala, wakilea humo watoto waliokombolewa kwa fedha. Kituo kikafungwa 1889, uhusiano na Mtemi Isike ulipoharibika.

Tusiipambe habari hii. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka dini mpya. Aliyekuwa na mama mahali fulani hakurudishwa kwa mama, maana hata njia ya kwao hakuijua tena. Ila alilala ndani, alikula, na alikuwepo mtu anayejua jina lake na kumhesabu jioni.

Mmoja wa waliokombolewa, huko Afrika Kaskazini, ni Adrian Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, wamisionari wakamsomesha uganga Malta, kisha akaja na msafara kutoka pwani mpaka Karema, Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi uzee wake, akafariki 1956. Mwanawe Joseph akawa padre. Huwa najiuliza mtu aliyeporwa kwa wazazi wake alijifunzia wapi kuwa baba.

Baadaye malezi yakahamia shuleni. Mwalimu Nyerere alifundisha St. Mary's hapa Tabora kuanzia 1946, na mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, alimhimiza sana aende kusoma Uingereza. Akaenda Edinburgh mwaka 1949. Kijana wa miaka ishirini na kitu, na mtu mzima aliyemtazama akaona kitu. Mwisho wa miaka ya 1960 serikali ikazitaifisha shule za misheni, na St. Mary's ndiyo Milambo ya leo. Kanisa likabaki na vipindi vya dini, na nje ya shule likabaki na parokia.

Ndiyo maana leo tuna vyama. Wadogo wana Utoto Mtakatifu, ulioanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na visenti. Wanafunzi wana TYCS. Waliomaliza shule wana VIWAWA, waliorithi utaratibu wa Padre Cardijn wa Ubelgiji: ona, amua, tenda. Jina VIWAWA linasema "wafanyakazi", ingawa wengi ninaowaona wanatafuta hiyo kazi bado. Shida kubwa iko katikati, baada ya Kipaimara. Mtoto akishapakwa mafuta na kupigwa picha, sisi wazazi tunaona tumemaliza, naye anaanza kupotea Jumapili moja moja.

Basi Jumamosi iliyofuata nilifunga kanga nikamfuata. Nilikuta vijana kama thelathini chini ya mwembe, wengine wanafanya mazoezi ya kwaya, wengine wanagombania mfuko wa matobolwa. Mlezi wao ni mwalimu wa shule ya msingi, dada mdogo kabisa, hana posho yoyote. Nikamwuliza yale maswali yangu. Wasichana watalala kwenye nyumba ya masista, na wanawake wawili wa WAWATA watalala nao. Daftari la majina analo, na namba za wazazi anazo, ila nusu yake hazipatikani. Hata yangu ilikuwa ile ya zamani.

"Mama, wewe ni mzazi wa tatu kuja hapa tangu nianze," akaniambia. Ameanza mwaka juzi.

Nikamwandikia namba mpya. Akaniomba kama naweza kulala na wasichana usiku mmoja, maana mama mmoja kati ya wale wawili ana mgonjwa nyumbani. Nikakubali kabla sijafikiri.

Tulirudi nyumbani binti yangu akitembea hatua kumi mbele, kama hatujuani. Tulipofika mlangoni ndipo alipogeuka.

"Utalala bweni letu kabisa?"

"Kabisa."

"Basi usije na ile kanga."