Barua ya wazi kwa KIPI: Cheti ukutani hakilindi sabuni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kawangware, karibu na steji ya 46, katika kibanda cha mama anayetengeneza sabuni ya maji. Ukutani ametundika cheti cha jina la biashara alichokipata kupitia eCitizen, ndani ya fremu ya kioo. Chini yake pana mitungi miwili ya lita tano: jina lilelile, lebo ileile, rangi ileile. Ukitikisa wa kwanza, povu linapanda hadi shingoni. Wa pili unachezacheza kama maji ya mvua. Huo si wake, lakini wanaoununua wakiudhika wanakuja kumlalamikia yeye.

Alidhani cheti kile ni ngao. Kumbe kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Haki ya kumzuia mwingine asiliweke jina hilo kwenye bidhaa yake hupatikana kwenu, kwa kusajili alama ya biashara chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Usajili huo hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Asiyesajili hubaki na njia ndefu: kuthibitisha kortini kwamba wateja wanalijua jina kuwa lake, na kwamba mwigaji anawahadaa. Kesi hiyo inamshinda mtu anayehesabu faida kwa mtungi.

Kibera nako wapo mafundi wanaogeuza mifupa ya ng'ombe na shaba kuukuu kuwa hereni na bangili zinazouzwa hadi ng'ambo. Nani amewaeleza kwamba alama husajiliwa kwa makundi ya bidhaa, mapambo kundi la 14, sabuni kundi la 3? Nani amewaeleza kwamba ombi likishachapishwa katika jarida lenu, mwenye pingamizi ana siku 60 tu?

Kuwahi kujua ndiko kunakookoa. Kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili neno "Kikoy" (kikoi chetu) nchini mwake, mwaka 2007 Wakenya walipaza sauti na kupinga, na hatimaye ombi likaachwa. Waliopinga walikuwa na habari mapema. Mama huyu alipata habari lebo zake zikiwa tayari mikononi mwa mwingine.

Basi naomba mambo matatu. Wekeni afisa wenu Huduma Centre ya Kibra, hata siku moja kwa wiki, na mfike Kawangware pia. Kubalianeni na wasajili wa biashara ili kila cheti cha jina kiwe na sentensi moja ya Kiswahili: "Cheti hiki si usajili wa alama ya biashara." Na muwaruhusu wafanyabiashara wadogo walipe ada kidogo kidogo.

Mama anataka kubadilisha jina, aanze upya na wateja wapya. Nimemsihi asubiri jibu lako.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kawangware