Mikataba ya Haki na Uwanda wa Basotu

Husemwa siku hizi katika mabaraza yetu kwamba mikataba ya haki za binadamu ni mambo ya wageni, na kwamba nchi huru haina haja ya kuhukumiwa na watu wa nje. Wako wanaotaka tutoke kabisa; wako wanaosema tubaki, lakini mikataba itengenezwe. Sisi twapenda neno hili litazamwe kutoka uwanda wa Basotu, wilayani Hanang.

Wenyeji wa uwanda ule ni ndugu zetu Wabarabaig, watu wa mifugo. Kuanzia miaka ya 1970 lililokuwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua huko mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, hata yakafika mashamba saba na ekari zipatazo 100,000. Ardhi ile ilidhaniwa kuwa tupu. Kumbe yalikuwa malisho ya zamu, mifugo ikiingia na kutoka kwa majira. Na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, ambayo baadhi yalilimwa kwa trekta. Anayejua heshima ya kaburi hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa haki. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoachwa na wakoloni. Wenyeji wa Hanang, wakashindwa kwa kutothibitisha uenyeji! Kisha, kati ya mwaka 1987 na 1989, zikatolewa amri za Serikali za kufuta haki za ardhi za kimila zilizogusa mashamba yale. Mshtakiwa alikuwa shirika la Serikali, na mtoa amri ni Serikali. Twauliza: mdai aende wapi?

Wakati ule Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haikuwapo. Ilipokuja, makao yake yaliwekwa Arusha mwaka 2007, si mbali na Mbulu na Hanang. Tanzania, iliyoridhia Mkataba wa Afrika tangu mwaka 1984, ikatoa tamko Machi 2010 la kumruhusu mtu binafsi kuishtaki nchi yake moja kwa moja. Novemba 2019 ikaliondoa tamko hilo, na mlango ukafungwa tarehe 22 Novemba 2020. Ifahamike vyema: nchi yetu haikutoka katika Mkataba wala katika Mahakama. Nyumba imebaki pale pale, ila ufunguo umeondolewa mikononi mwa raia.

Ama hoja ya Serikali yafaa isikizwe. Ilisema kwamba tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume cha masharti yaliyowekwa, kwamba mtu amalize kwanza mahakama za nyumbani na Katiba iheshimiwe. Ni kweli pia kwamba Tanzania ilishtakiwa kuliko nchi nyingine yoyote, na wengi wa wadai walikuwa wafungwa waliokwisha kuhukumiwa. Lakini baadhi ya wafungwa hao walilalamika kwamba walihukumiwa miaka 30 bila kupewa wakili, na Mahakama ikaona wana haki. Wingi wa wagonjwa si sababu ya kufunga zahanati. Kama majaji walivuka mpaka, mpaka uandikwe wazi zaidi na nchi zote zikubaliane. Hayo ndiyo matengenezo.

Wala hatusemi kwamba sheria za nyumbani hazifai. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao chini ya sheria zetu wenyewe, na ni jambo la kujivunia. Ila hati hutiwa nguvu na kuwapo mahali pa kulalamikia siku itakapopuuzwa. Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, walishinda Arusha tarehe 26 Mei 2017. Kenya haijawahi kutoa tamko. Walipitia Tume ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia, wakaanza mwaka 2009. Njia hiyo yetu pia ingalipo, lakini ni ndefu.

Wasomaji wetu watakumbuka Hilf al-Fudhul, pale mgeni kutoka Yemen alipodhulumiwa mali yake Makka na hakuwa na jamaa wa kumtetea. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliuhudhuria mkataba ule kabla ya utume, na baadaye akausifu, ingawa uliwekwa na watu wasiokuwa Waislamu. Basi hatuoni vipi mkataba ukataliwe kwa sababu tu ya waliokaa kuuandika.

Twaomba tamko lirudishwe, na masharti yake yafafanuliwe. Na wakati tukingoja, vijana wa Katesh, Basotu na Haydom waliosoma wakae na wazee wao, waandike kaburi la nani liko wapi, kisima kilichimbwa na nani, mifugo ilipita njia ipi na mwezi gani. Wapige nakala za mihutasari ya kijiji na kuziweka katika nyumba zaidi ya moja. Mulbadaw ilikosa ushahidi, si haki.