Mwache Mkaguzi Amalize Kazi

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wasomi, wasemao kwamba kukagua silaha za mataifa ni kazi bure. Hoja yao ni hii: taifa litakalo kuunda bomu la nyuklia litaliunda sirini, na taifa lenye nguvu likitaka kulipiga jingine litalipiga, ripoti iwepo isiwepo. Basi kuna faida gani kumtuma mtu mwenye kalamu na mkoba mahali ambapo neno la mwisho ni la mwenye bunduki? Kisha humaliza maneno yao kwa methali: mwenye nguvu mpishe.

Mimi siikubali hoja hiyo. Nasema kwamba mkaguzi asiye na bunduki amewahi kuujua ukweli ambao majeshi makubwa hayakuujua. Nasema tena kwamba yule amfungiaye mkaguzi mlango, na yule amtoaye kabla hajamaliza kazi, ni ndugu wa tumbo moja, hata kama wao kwa wao ni maadui.

Wanafunzi waliolelewa katika nchi za kahawa wanamjua mkaguzi wa hesabu za chama cha ushirika. Siku ajapo, karani mwaminifu humfungulia kabati, na karani mwizi huugua ghafula au hupoteza funguo. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye husahauliwa. Ni yule mwenye kinyongo na karani, asemaye kuwa hana haja ya kungoja hesabu kwa kuwa ameshajua wizi upo, na mkononi ameshika kiberiti. Akiichoma ofisi, vitabu navyo vitaungua, na hapana atakayejua tena ni kiasi gani kilichoibwa, au kama kiliibwa kitu chochote.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Urani itokapo ardhini, katika kila sehemu 1,000 ni sehemu 7 tu zilizo za aina iwezayo kupasuka upesi na kutoa nguvu nyingi. Kwa mitambo mingi ya umeme, kiasi hicho huongezwa mpaka kikafika asilimia 3 hata 5. Kwa bomu, huongezwa mpaka asilimia 90 hivi. Kazi hiyo huitwa kurutubisha, nayo hufanywa kwa mitambo izungukayo kwa kasi kubwa mno. Msomaji ataiona taabu mara moja. Atafutaye umeme na atafutaye bomu husafiri katika barabara moja; mmoja hushuka mapema na mwingine huendelea mpaka mwisho. Kwa hiyo kiapo cha mwenye mitambo hakitoshi, wala mashtaka ya adui yake hayatoshi. Hapana budi mtu aingie ndani, apime.

Kazi hiyo imekabidhiwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoundwa mwaka 1957, na makao yake yako Vienna. Chini ya mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, uliotiwa sahihi mwaka 1968 na kuanza kutumika mwaka 1970, nchi zisizo na silaha hizo ziliahidi kutozitafuta na zikakubali kukaguliwa. Wakaguzi huihesabu urani kama karani wa ghala ahesabuvyo magunia: iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Hutia mihuri, huweka kamera, hupangusa kuta na mitambo kwa vitambaa vya pamba. Kwa maana chembe isiyoonekana kwa macho yaweza kueleza urani ilirutubishwa kwa kiasi gani. Chembe haina chama cha siasa, wala haimwogopi mfalme.

Sasa tumtazame amfungiaye mkaguzi mlango. Iraki ilitia sahihi mkataba, na huku ikitafuta bomu kwa siri. Baada ya vita vya mwaka 1991 wakaguzi waliingia kwa amri ya Umoja wa Mataifa. Mwezi wa Septemba mwaka huo, kundi lao lilizuiliwa kwa siku nne katika uwanja wa magari mjini Baghdad, kwa sababu walikataa kuzirudisha karatasi walizozipata. Hawakuzirudisha. Karatasi hizo zilisaidia kufichua siri, na mitambo iliyokuwa imefichwa ikaharibiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Korea Kaskazini nayo ilijiunga na mkataba mwaka 1985. Wakaguzi walipozipima hesabu zake mwaka 1992, waliona kuwa maelezo ya serikali hayakulingana na vipimo. Mabishano yakawa marefu. Mwezi wa Desemba mwaka 2002 wakaguzi wakafukuzwa, na mwezi uliofuata nchi hiyo ikatangaza kujitoa katika mkataba. Tarehe 9 Oktoba, 2006, ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio. Basi hata hapo, asemaye kuwa ukaguzi ni bure hana haki. Mkaguzi ndiye aliyepiga kelele miaka 14 kabla ya mlipuko.

Lakini haki haina upande mmoja. Mwaka 2002 Marekani na Uingereza zilisema kwamba Iraki imeanza tena kuunda silaha za maangamizi. Wakaguzi walirudi Baghdad mwishoni mwa mwezi wa Novemba mwaka huo. Mashtaka mawili makubwa yalihusu nyuklia. La kwanza, kwamba Iraki ilinunua mabomba ya alumini kwa ajili ya kurutubishia urani. La pili, kwamba ilitaka kununua urani kutoka Niger, nchi ya Afrika Magharibi. Shtaka la urani ya Afrika lilitajwa na Rais wa Marekani mwenyewe mbele ya Baraza la Kongresi mwezi wa Januari mwaka 2003.

Mkuu wa shirika la Vienna wakati huo alikuwa Bwana Mohamed ElBaradei, Mwafrika wa Misri. Tarehe 7 Machi, 2003, alisimama mbele ya Baraza la Usalama akatoa hesabu yake. Mabomba yale, alisema, yaelekea yalikuwa ya makombora ya kawaida. Barua za Niger hazikuwa za kweli. Moja yake, yenye tarehe ya mwaka 2000, ilikuwa na sahihi ya waziri aliyekwisha acha wadhifa tangu mwaka 1989. Wakaguzi hawakuona dalili yoyote ya kuaminika kwamba kazi ya kuunda bomu imeanza upya. Mwenzake, Bwana Hans Blix wa Sweden, aliyesimamia ukaguzi wa silaha za sumu na za maradhi, alieleza kwamba kazi iliyosalia haitahitaji miaka, wala haiwezi kumalizwa kwa majuma, itahitaji miezi.

Miezi! Hicho ndicho kilichoombwa. Nacho kilikataliwa. Tarehe 18 Machi wakaguzi waliondolewa kwa kuwa vita vilikuwa mlangoni, na tarehe 20 mabomu yakaanza kuanguka. Mwaka uliofuata, kundi la watafiti lililotumwa na Marekani yenyewe, likiwa na jeshi zima la kulinda na nchi nzima ya kupekua, lilitoa taarifa kwamba mpango wa nyuklia wa Iraki ulikwisha mwaka 1991. Yaani kwa gharama ya makumi ya maelfu ya raia waliokufa, walipata jibu lile lile ambalo watu wachache wenye mikoba walikuwa wamekwisha kulitoa. Mwaka 2005 Bwana ElBaradei na shirika lake walipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Ilikuwa heshima iliyostahili, ila haikumrudisha hata mtoto mmoja kwa mama yake.

Hapa mpinzani wangu ataniuliza swali zito, nami sitalikwepa. Atasema: "Mwalimu, mbona wakaguliwao ni wanyonge? Mkataba umeyaacha mataifa matano, Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, yabaki na mabomu yao. India, Pakistan na Israeli hazikujiunga kamwe. Je, hiyo ni haki au ni sheria ya mwenye shoka juu ya asiye na kisu?"

Swali hilo ni la haki, na aliulizaye hastahili kunyamazishwa. Mkataba ule ule uliowakataza wengi silaha uliwaagiza wale watano, katika kifungu cha sita, wajadiliane kwa nia njema ili wazitupe zao. Zaidi ya nusu karne imepita, na dunia ingali na vichwa vya silaha za nyuklia zaidi ya 12,000, karibu tisa katika kila kumi vikiwa vya Marekani na Urusi. Hiyo ni aibu, na yafaa itajwe kwa jina lake. Lakini mizani ikiwa imepinda, dawa yake ni kuinyosha, siyo kuivunja ili kila mtu apime kwa mkono wake. Mnyonge ndiye wa kwanza kuhitaji mizani. Mwenye nguvu asipokuwa na mkaguzi bado ana jeshi. Iraki ya mwaka 2003 ilikuwa na nini cha kujitetea nacho isipokuwa ile hesabu ya wakaguzi?

Tena Afrika imetoa mfano wa njia iliyo bora. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliunda mabomu sita kwa siri. Baadaye iliyafumua, ikajiunga na mkataba mwaka 1991, na mwezi wa Machi mwaka 1993 Rais de Klerk akalitangazia Bunge jambo hilo. Wakaguzi walifunguliwa milango na vitabu. Wakahesabu, wakaulizia, wakathibitisha. Hakuna aliyepigwa bomu ili aache bomu.

Mfano wa mwisho ni Iran. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba nchi hiyo ilikuwa ikijenga kiwanda cha kurutubishia urani huko Natanz bila kulijulisha shirika. Hilo lilikuwa kosa lake. Baada ya miaka mingi ya mabishano, mwezi wa Julai mwaka 2015, ilikubaliana na mataifa sita kwamba isirutubishe kupita asilimia 3.67 wala isiweke akiba ya zaidi ya kilo 300, nayo ipunguziwe vikwazo. Wakaguzi walihesabu, wakasema mara kwa mara kwamba ahadi inatimizwa. Mwezi wa Mei mwaka 2018 Marekani ikajitoa. Iran nayo ikaanza kuvuka mipaka yake, na mwaka 2021 ikafika asilimia 60, ikaondoa na baadhi ya kamera baadaye. Mwezi wa Juni mwaka 2025 Israeli, kisha Marekani, zikaipiga mitambo yake kwa mabomu. Iran ikapitisha sheria ya kusimamisha ushirikiano na wakaguzi, na shirika likasema haliwezi tena kuthibitisha ilipo akiba ya zaidi ya kilo 400 za urani ya asilimia 60. Karani amepoteza funguo, na mwenye kiberiti ameichoma ofisi. Nani sasa azijuaye hesabu?

Labda kijana atasema mambo haya ni ya mbali. La, hasha! Urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo watu wake huzungumza Kiswahili kama sisi. Barua za uongo za mwaka 2003 zilitumia jina la nchi ya Afrika. Ardhi yetu imetajwa katika mashtaka haya bila sisi kuulizwa.

Bara letu limekwisha kusema neno lake. Mkataba wa kuifanya Afrika iwe eneo lisilo na silaha za nyuklia ulitiwa sahihi Kairo mwaka 1996 na ukaanza kutumika mwaka 2009. Unaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la kituo cha atomiki kilicho karibu na Pretoria. Jina hilo lina asili ya Kizulu, na maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha. Ni jina zuri kwa silaha zilizokwisha fumuliwa na kuhesabiwa. Lakini mahali ambapo hesabu haijafungwa, asitokee mtu, awe mwenye siri au mwenye ndege za vita, akatuambia kwamba mazungumzo yamekwisha. Akisema hivyo, ninyi vijana mwulizeni swali moja tu: mkaguzi amesema nini? Na kama mkaguzi bado hajasema, mwambieni amwache amalize kazi.