Tumekimbia vita, tusichomwe na waya za kusokota

Kunako mitaa ya Goma na miongoni mwa wahami wa vita, vijana wanaunda vitu vya kushangaza: feni za mota kuukuu, ampli za sherehe, masanduku ya kuchaji simu kwa batri ya gari. Ninawasifu. Lakini kuna jambo siwezi kulinyamazia: kusokota waya mbili kwa vidole, kuzungushia skochi au kipande cha saché, kisha kusema kazi imekwisha. Haijakwisha. Huo ni moto unaongoja saa yake.

Tuhesabu pamoja. Mashine ya wati 300 kwenye kurant ya volti 220 inavuta ampea 1.4 hivi. Kwenye batri ya volti 12, mashine hiyo hiyo inavuta ampea 25. Hapo kiungo kibaya chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kinatoa joto la wati zaidi ya 60, kama chuma cha kulehemu kilichosahauliwa juu ya turubai. Anayesema volti 12 haina hatari anadanganya watu. Haikurushi, lakini inachoma.

Wengine watajitetea kwa umaskini. Sikubali. Domino ya skrubu ni bei ndogo kuliko simu moja ya mteja ikiungua. Chagua domino inayotosha unene wa waya na ampea za mashine. Kaza, kisha vuta waya: ikitoka, rudia. Usichanganye shaba na aluminiamu ndani ya tundu moja. Mashine inayotikisika, kama mota, ifungiwe kosi iliyobanwa kwa koleo lake, si kwa meno wala nyundo. Kwa plagi ya kuchomoa, upande wa batri uwe wa jike, shaba ifichwe ndani, na umbo lake likatae kugeuzwa plasi na minasi. Na fyuzi ikae karibu na batri.

Mama, baba, kabla ya kuacha simu kwa fundi, tazama viungo vyake. Ukiona skochi imeyeyuka au plastiki imekuwa nyeusi, ondoka na simu yako, na umwambie jirani. Fundi akikasirika, akasirike. Yeye atanunua domino kesho. Sisi hatuna hema lingine la kuhamia.