Mvua yetu inaanzia pia kwenye udongo

Mwezi wa nane ukifika, vilima vingi vya Kivu vinatoa moshi. Mkulima anachoma majani ili alime haraka kwa msimu A. Mvua ya Septemba ikichelewa, sote tunatazama angani. Tuangalie pia chini ya miguu yetu.

Mvua haitoki baharini tu. Udongo wenye unyevu na miti yenye mizizi mirefu hurudisha maji angani kama mvuke, na mvuke huo hujenga mawingu. Wanasayansi waliochunguza bonde la Kongo wameonyesha kwamba mvua za Februari na Machi zinaanza hasa kwa maji yanayotoka kwenye msitu wenyewe. Msitu ukikatwa kwa ajili ya makala, udongo unabaki wazi, jua linauchoma na hewa inakauka.

Udongo huo mgumu haunywi hata mvua kubwa. Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Mteremko usio na miti haushiki maji.

Kumkataza mkulima kuchoma hakutoshi. Serikali za majimbo zitume maafisa wa kilimo vijijini, wafundishe kufunika shamba kwa majani na kupanda miti kandokando. Na mama wa Goma au Bukavu hataacha makala ikiwa umeme haumfikii kwa bei anayoiweza. Kazi ianzie hapo, kabla ya msimu ujao.