Kamera ya Mfukoni

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya chombo kidogo kilichoingia katika nyumba nyingi, nacho ni kamera ya dijitali itiwayo mfukoni. Twajua ya kuwa simu zimekwisha kuichukulia sehemu kubwa ya kazi yake, lakini hapa madrasani kwetu ingali ikitumika. Tulipewa na mzee wa mwanafunzi mmoja, nasi tumeishi nayo miaka mingi, mara ikitufurahisha, mara ikitukasirisha.

Kwanza tuitendee haki. Kamera ya kwanza ya namna hii iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Uzito wake ulikuwa kama kilo 3.6, picha zake hazikuwa na rangi, na kila moja ilihitaji sekunde 23 kuandikwa katika utepe wa kaseti. Leo chombo kilicho bora kuliko hicho chakaa katika kiganja cha mtoto. Zamani tulingoja filamu isafishwe dukani ndipo tujue kuwa fulani alifumba macho. Sasa twaona papo hapo, tukapiga nyingine. Hapana shaka hii ni neema.

Ama udhia wake, nao si haba. Wa kwanza ni kukawia: wabonyeza kitufe, na mtoto aliyekuwa akitabasamu amekwisha kugeuza uso. Sababu yake ni kuwa kamera hutafuta kwanza umbali wa kitu. Dawa ni kukibonyeza kitufe nusu, kungoja kidogo, kisha kumalizia. Wa pili ni giza. Kile kipande cha ndani kipokeacho mwanga, katika nyingi ya kamera hizi, hakifikii ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Basi usiku picha hujaa chembechembe. Taa yake nayo haifiki ila mita chache, na mwenye kuiwasha akiwa nyuma ya ukumbi humulika visogo vya waliokaa mbele yake. Wa tatu ni jua la mchana, ambalo hukifanya kioo kisionyeshe kitu, mtu akapiga kwa kubahatisha. Na betri, kama mjuavyo, huisha wakati wa haja.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo lililotufika sisi, wala kosa halikuwa la kamera. Katika hafla ya kufunga mwaka tulimpiga picha bibi mmoja amekaa na mjukuu wake aliyehitimu msahafu siku ile. Bibi akajiona katika kioo, akacheka, akasema, "Maalim, nami nipate yangu." Tukamjibu, "Inshallah, bibi." Miezi ikapita, picha imo katika kadi. Siku tuliyowapeleka wanafunzi matembezi, kadi ikajaa. Tukafuta za zamani kwa haraka, tukaendelea kupiga. Bibi alipofariki, mjukuu wake alikuja kuiomba picha ile, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Baadaye kijana mmoja mjuzi alitufahamisha ya kuwa picha iliyofutwa haiondoki mara moja. Aghalabu hubaki ndani ya kadi mpaka nyingine iandikwe mahali pake. Lau tungaliacha kuitumia kadi siku ile ile, huenda ingalipatikana. Sisi tulikuwa tumekwisha kuijaza tena.

Basi, enyi vijana wetu, wengi wenu ndio wapigaji picha wa nyumbani, shikeni mambo matatu. Hamisheni picha siku ile ile ya shughuli, na mziweke mahali pawili, si pamoja. Msifute kitu kwa haraka kadi inapojaa; afadhali muwe na kadi ya akiba. Na mtu mliyemwahidi picha, mchapishieni upesi mumkabidhi mkononi mwake. Kupiga kumekuwa rahisi mno, hata tukadhani kuhifadhi nako ni rahisi vivyo hivyo. Ahadi ya picha ni ahadi kama nyingine, na mwenye kuahidiwa hakai akitungoja milele.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza ahadi zetu. Amin.